Mama Mara Tatu

Mume wangu Januarius hajui kupiga picha moja. Mwambie apige jengo, atalipiga mara tatu bila kusogeza stendi ya kamera hata kidogo: ya kwanza ya giza, ya pili ya kawaida, ya tatu nyeupe mpaka inaumiza macho. Halafu ataketi mbele ya kompyuta kuziunganisha. Mimi naita chai inapoa, yeye anajibu "nakuja", na haji. Anasema jicho la kamera ni dhaifu kuliko la binadamu. Jua letu la Bariadi ni kali, na kamera hailiwezi. Ukiipa anga, ukuta unakuwa mweusi. Ukiipa ukuta, anga linaungua lote. Kwa hiyo yeye huchukua anga kutoka kwenye picha ya giza, ukuta kutoka kwenye ile nyeupe, vinavyobaki kutoka ile ya katikati, anavipika pamoja. Vikiiva, mawingu yanatunisha misuli, vumbi la stendi ya mabasi linang'aa, na bati lenye kutu linakuwa dhahabu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Hapa siyo Bariadi, hii ni keki ya harusi." Alininunia mpaka kesho yake.

Tulikuwa na chumba kimoja karibu na soko. Upande wangu mashine ya fotokopi na madaftari ya shule, upande wake pazia la bluu, kiti cha kupigia pasipoti na ile kompyuta yake. Simiyu ndiyo kwanza ilikuwa imetangazwa kuwa mkoa, na mji mzima ulishikwa na haraka. Viwanja vilipimwa, fremu za maduka zikajengwa usiku na mchana, watu wenye mikoba wakaja kuuliza ofisi ya fulani iko wapi kabla ofisi yenyewe haijapata mlango. Na mimi, ambaye hata bila mkoa mpya sikuwa na subira, nililala nikiwa nimechoka na kuamka nikiwa nimechoka.

Makampuni ya pamba nayo yalikuwa yamejaa. Zamani za wazazi wetu mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika, upende usipende. Sasa kila msimu lilikuja gari la rangi mpya, na wote wakawabembeleza wakulima kwa mbegu, kofia, fulana na kalenda. Kalenda hasa. Utaingia kwenye nyumba ya tope isiyo na dirisha, ukute kalenda tano za makampuni matano ukutani, na hakuna anayezisoma tarehe. Ni pambo.

Basi moja ya makampuni hayo likamwagiza Januarius picha ya kalenda ya mwaka mpya. Walitaka alama za mji, ili mkulima aone na yeye ana makao makuu ya mkoa. Alizunguka na stendi yake begani, akapiga kanisa, akapiga kiwanda cha kuchambua pamba, akapiga msikiti, na mwisho akapiga kipilefti, ule mzunguko wa magari wa katikati ya mji, pamoja na ghorofa jipya lililo nyuma yake. Kampuni wakaipenda ile ya kipilefti. Flashi ikapelekwa Mwanza, kalenda zikachapwa, zikarudi kwa maboksi, zikatawanywa vijijini pamoja na mbegu kabla mvua za Desemba hazijachanganya.

Januarius aliibandika moja juu ya kompyuta yake. Mimi niliitazama kwa mbali, nikasema haya, rangi zako hizo, nikaendelea na fotokopi.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Josia, tuliyesoma naye shule ya msingi Lingeka, kijijini kwetu, sasa karani wa kampuni hiyohiyo kwenye kituo cha kununulia pamba hukohuko.

"Mwangaluka, dada Benedikta."

"Mwangaluka. Habari za huko?"

"Umeitazama kalenda yetu?"

"Nimeiona."

"Itazame karibu. Upande wa chini, kwenye barabara."

Nilisogea na simu sikioni. Nikainama. Kwanza niliona vivuli. Kisha nikaona tenga la kuku, kisha fimbo, kisha kitenge chenye maua makubwa ambacho mimi mwenyewe nilikinunua. Alikuwa mama yangu, Minza, anavuka barabara. Alikuwa karibu na kibanda cha viatu. Alikuwa pia katikati, mbele ya kipilefti. Alikuwa tena upande wa pili, karibu na nguzo ya umeme. Mama watatu, wote na tenga kichwani, wote wepesi kama moshi wa asubuhi. Nyuma ya yule wa katikati kulikuwa na tangazo la kampuni ya simu, na herufi zake zilisomeka vizuri kupitia tumbo lake.

"Umemwona?" Josia akauliza.

"Nimemwona."

"Hapa kituoni imetundikwa mlangoni. Tangu jana wanaisogelea mmoja mmoja. Na unajua radi iliua maksai wa Mahona wiki iliyopita, wote waliokuwa wanalima."

"Sijui! Nani angeniambia?"

"Basi iliwaua. Sasa watu wanasema, kumbe ndiyo maana. Yuko mahali patatu kwa wakati mmoja. Leo mchana sungusungu wa kijiji wanakaa kumjadili, na Mahona ndiye kamanda. Njoo, dada. Na uje na aliyepiga."

Simu ikakatika, au mimi niliikata, sikumbuki. Mtu wa kwetu ukimwambia radi, ukamwambia maksai, ukamwambia mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote, huhitaji kummalizia. Anajua yaliyowapata wengine. Wengine hawakufikishwa hata kwenye mkutano. Nilimpigia mama, simu yake ilikuwa imezimwa. Bila shaka haikuwa na chaji. Huwa haina chaji.

Januarius aliingia na maandazi. Nilimshika kola maandazi yakiwa bado mkononi.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Alitazama kalenda, akatazama chini. Alijua. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba alijua tangu mwanzo.

Kwetu mkwilima, mume wa binti, na mama mkwe hawatazamani. Siyo ugomvi, ni heshima. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, anageuka pembeni, anangoja mwenzake apite. Wakilazimika kusalimiana, kila mmoja anasalimia majani. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Mama akija mjini kunitembelea hulala kwa binamu yake, mtaa wa Malambo, mimi ndiye ninayemfuata huko. Januarius amesoma, ana kompyuta, anajua mambo ya Dar es Salaam, lakini kwa jambo hili ni Msukuma wa kijijini kabisa, na kusema kweli nilikuwa nampenda kwa hilo.

Alinieleza nikiwa bado nimeshika kola. Siku hiyo alisimama kwenye kipilefti kabla jua halijatoka, akingoja ule mwanga wa kwanza ambao haukai. Kamera yake ni ya mtumba, haijipigii tatu mfululizo yenyewe. Lazima azungushe gurudumu kwa kidole kubadilisha mwanga, abonyeze, azungushe tena. Jua likachomoza, akawa tayari, na hapohapo akamwona mama anatokea upande wa Malambo na tenga lake, anakuja moja kwa moja mbele ya kamera.

Mpiga picha mwingine angesema, mama samahani, subiri kidogo. Lakini mkwilima amwambie mama mkwe asubiri? Kwa mdomo gani? Akageuka, akampa mgongo, akakazia macho duka la vipuri vya baiskeli. Na kwa kuwa jua lisingemsubiri, mkono wake ukaendelea na kazi nyuma ya mgongo. Kidole chake kinaijua kamera hiyo hata gizani. Akabonyeza, akazungusha, akabonyeza, akazungusha, akabonyeza. Mama anatembea polepole kwa sababu ya nyonga. Naye, kwa heshima hiyohiyo, alikuwa ametazama chini, hakujua kama kuna kamera.

"Kilichosimama kinaungana," Januarius akasema. "Kinachotembea kinabaki alama tatu, kila moja nyepesi."

"Na huwa hazifutwi?"

"Zinafutwa. Unaikuza, unaipaka brashi kidogokidogo, inatoka."

"Sasa?"

"Benedikta, nimkuze mama yako ajae kioo kizima? Nimtazame kuanzia kichwani hadi miguuni? Halafu nimfute kwa mkono wangu mwenyewe? Kama angekufa wiki hiyo ungeniambia nini?"

Nilitaka kumpiga na sikuweza, kwa sababu kama angenieleza wakati huo, hata mimi ningemwambia usimfute. Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kwenda. Nikamwachia kola.

"Chukua kamera," nikasema. "Chukua na kompyuta yako ndogo. Twende."

Tuliondoka kwa pikipiki yake, kompyuta nimeikumbatia ndani ya nailoni. Njiani sikumwacha apumue. Mwendo ukipungua nilimgonga bega. Akipita kwenye matope nikamwambia pita hapa, akipita hapo nikamwambia kwa nini umepita hapa. Mashambani watu walikuwa wanapanda pamba, wakatupungia mkono, na mimi nikawachukia kwa kuwa na asubuhi ya kawaida. Tulipofika mtoni tukakuta maji yamejaa, na vijana wa kuvusha pikipiki begani wanasema tusubiri yapungue. Nilitembea ukingoni, nikarudi, nikatembea tena. Nilivua viatu, nikavaa, nikavua. Nilimpigia Josia, hakupokea. Kila nilipofumba macho nilimwona mama peke yake katikati ya watu, na kila nilipofumbua niliona maji yaleyale ya udongo yakipita kana kwamba hayana pa kuwahi. Mwishowe nilijifunga kitenge kiunoni, nikaiinua kompyuta kichwani, nikaingia. Yalinifika kifuani. Januarius alipiga kelele, kisha akawaita vijana wainue pikipiki, nao wakanifuata wakinitukana.

Tulifika mkutano umeshaanza. Kituo cha pamba ni ghala moja la bati na uwanja wa udongo mbele yake. Watu walikuwa wamekaa duara kubwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati, juu ya gunia tupu la mbegu, alikuwa mama. Pengo kati yake na mtu wa karibu lilikuwa kubwa sana. Wale niliozoea kuwaona wakibanana naye kisimani walikuwa wamekaa mbali kabisa. Shida, jirani yetu, ambaye mama alimzalisha mtoto wake wa kwanza na wa pili, alikuwa amekaa nyuma ya wote. Nilipomtazama akarekebisha kilemba.

Nilikwenda moja kwa moja nikaketi kwenye gunia.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama.

"Mwadila, ng'wanone. Mbona umelowa?"

"Mto umejaa. Hujambo? Wamekugusa?"

"Bado," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ugali umeiva. "Umekuja na nani?"

"Na mkwilima wako."

Hapo hapo akavuta kitenge akafunika uso, akageukia upande. Nilimwangalia Januarius: alikuwa amesimama pembeni ya duara, ametazama ghala. Nilitaka kulia na kucheka. Watu wanajadili kumwondoa mama duniani, na hawa wawili wanaheshimiana.

Mahona alisimama. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye rungu lililong'aa kwa kushikwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa mtu aliyepoteza maksai wake wote msimu wa kulima.

"Wewe ndiye uliyepiga picha hii?"

"Ni mimi," Januarius akajibu.

"Tueleze."

Akaeleza. Alieleza jua, akaeleza giza, akaeleza picha tatu zinazounganishwa kuwa moja. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zinafungwa. Mzee mmoja akanyanyua fimbo yake kuelekea kalenda.

"Fundi. Hii nguzo ya umeme mbona siyo tatu?"

"Imesimama, baba. Inaangukia palepale."

"Na hili ghorofa?"

"Limesimama pia."

"Kwa hiyo katika mji mzima, huyu wetu peke yake ndiye aliyekuwa anatembea?"

Watu wakaguna. Ilikuwa alfajiri, barabara ilikuwa tupu, lakini nani angekubali kwamba mji wa mkoa ni mtupu?

Nilisimama. "Msituulize maneno. Anayo kamera. Mtu yeyote apite hapa mbele, mtaona."

Hakuna aliyeinuka. Wanaume walitazama miguu yao. Mmoja akasema ana homa. Nikawaambia, mnamhukumu mtu kwa kutembea na ninyi mnaogopa kutembea? Mahona akaniambia nikae. Ndipo Josia alipotoka ghalani na mfuko wa mbegu begani, akasema, "Mimi nitapita."

Januarius alisimamisha kamera kuelekea ghala. Josia akatembea polepole kutoka kona hadi kona. Kamera ikalia mara tatu. Kisha mume wangu akachutama, kompyuta magotini, shati amejifunika kichwani ili aone kioo, na uwanja wote ukangoja. Mimi sikuweza kukaa wala kusimama. Nilisikia kuku, nilisikia mtu anakohoa. Mkono wa mama ulikuwa juu ya mguu wangu, unaushikilia usitikisike.

"Tayari," akasema.

Wakaja kwa zamu. Mlangoni mwa ghala Josia, katikati Josia, kwenye kona Josia, wote wana mfuko begani, na mistari ya bati ikionekana kupitia migongo yao. Kisha mtu mmoja akacheka kwa pua, na mwingine akasema, "Josia, mbona umekuwa karani wa vituo vitatu?" Kicheko kikapita kwenye duara, nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mahona hakucheka.

"Josia ni mtu wa kampuni," akasema. "Kalenda ni ya kampuni. Fundi ni mkwe wa huyu mama. Nyinyi wote ni kitu kimoja. Sasa nataka apigwe yeye mwenyewe, amesimama, hivyohivyo mara tatu. Kama ni mtu mmoja, atoke mmoja."

Kicheko kilikatika. Kila mtu akamgeukia Januarius, na nikaona katika nyuso zao kitu kipya, karibu aibu. Hata Mahona aliangalia pembeni. Pale hapakuwa na mtu asiye na mkwe, na wote walijua alichoambiwa mume wangu akifanye mbele ya kijiji kizima.

"Siwezi," Januarius akasema.

"Nitabonyeza mimi," nikasema haraka. "Yeye apange tu, mimi nitabonyeza."

"Hapana." Alikuwa mama. Alishika bega langu akainuka, nyonga ikalia. "Akipiga mwanangu watasema tumepanga. Apige mwenye kazi."

Alitembea mpaka mbele ya ghala. Akageuka. Akashusha kitenge usoni, akakiacha kianguke mabegani.

"Mkwilima," akasema, "nitazame."

Januarius aliinua kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumwona mama yangu uso kwa uso, wala mama hakuwahi kumwona yeye. Niliona machozi yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamera, na akalazimika kusubiri mpaka macho yaone. Mama naye alimngoja. Hakufumba macho, hayo macho mekundu waliyoyasema. Aliyafungua kabisa.

"Mama," akasema Januarius, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake ana kwa ana, "usitikisike."

"Sitatikisika."

Kamera ikalia. Akazungusha, ikalia. Akazungusha, ikalia.

Alipomaliza kuunganisha, alimpa Mahona kompyuta mikononi. Mahona akaitazama muda mrefu. Nilisogea nikaitazama pia. Mama alikuwa mmoja. Kila mkunjo wa uso wake ulikuwepo, kila uzi uliochomoka kwenye kitenge, kovu la shingoni alilolipata kwa mwiba akiokota kuni, na jua na kivuli vyote vimetulia juu yake. Alionekana mzito kuliko ghala lililokuwa nyuma yake.

"Ni mmoja," Mahona akasema. Akamrudishia Januarius kompyuta na kuliegemeza rungu lake ukutani. "Radi ni radi. Mkutano umekwisha."

Nikarudi kwenye gunia. Mama naye akaja akaketi, polepole. Nilimkumbatia, akaniachia nimkumbatie, akasema bado nimelowa.

Nilidhani watu watatawanyika. Nilidhani labda mmoja atakuja kusema pole. Badala yake nikasikia sauti ya Shida, nyembamba, ya furaha:

"Fundi! Nipige na mimi nitokee watatu!"

Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kupita mbele ya ghala, mkono kiunoni, anatikisa mabega kama yuko ngomani. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule aliyekuwa na homa akasema na yeye, tena atakimbia, atoke kumi. Wakapanga mstari. Walisukumana. Walikopeshana kofia za kampuni. Hata Mahona, Mungu wangu, hata Mahona alisogea akauliza kama akipita na rungu, rungu nalo litakuwa matatu. Na Januarius, maskini, macho bado yamelowa, alikuwa ameshaelekeza kamera, kwa sababu mtu akimwomba picha yeye hajui kukataa, na kwa sababu alikuwa amefurahi kwamba mambo yamekwisha. Nilimchukia wakati huo. Niliwachukia wote.

"Mayu," nikasema, "twende kwangu mjini. Leo hii."

Mama alikuwa anamtazama Shida, ambaye sasa alikuwa anarudia mara ya pili akitembea kinyumenyume. Alimtazama mpaka Shida akafika katikati ya uwanja. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida lakini iliyofika kote:

"Na hawa wataketishwa kwenye gunia lini?"

Vigelegele vikafa. Shida alisimama mguu mmoja mbele.

"Mayu," akasema, "huu si mchezo tu?"

"Mimi sikucheza," mama akasema. "Mimi nilikuwa napita."

Wale waliokuwa kwenye mstari walibaki kwenye mstari, kofia vichwani, hawajui waende wapi. Mama akaniambia nimwinue. Akauvuka uwanja kwa nyonga yake ile, mbele ya kamera, moja kwa moja hadi kwa Januarius, ambaye kwa mazoea alikuwa ameshaanza kugeuka.

"Usigeuke," akamwambia. "Umeshanitazama, na mimi nimeshakutazama. Leo nitalala kwako. Funga vitu vyako, tuondoke."

Januarius alifunga miguu ya stendi, mmoja baada ya mwingine.